Mpita Njia

Namba arobaini na moja.
Nasimama. Mtoto ana siku kumi na tisa,
ananyonya usingizini, hana habari na foleni.

Bwana Haché, karani, ananyoosha mkono bila kunitazama.
Nampa karatasi ya hospitali.
Ni ya rangi ya waridi.
Ya mwenzangu wa kitanda cha pili ilikuwa nyeupe;
tulijifungua usiku mmoja, umeme umekatika,
nesi mmoja, tochi moja,
na watoto walilia sauti moja hata tukacheka.
Asubuhi ndipo walipotenganishwa kwa karatasi.

"Hii ni ya kitabu cha wageni," anasema.
Mgeni nani, bwana?
"Mama."
Mama ndiye mimi. Nifungulie kitabu cha mwaka tisini na moja,
ukurasa wa sitini na saba.
Anakwenda. Anarudi nacho, kimeliwa na mende pembeni.
Nimo.
Deyanira Fleurimond, kwa wino wa buluu,
na muhuri wa Jamhuri, ngao yenye Biblia katikati.
Anaweka kidole juu ya jina langu la ukoo
kama mtu anayeziba tundu la panya.
"Baba yako alikuwa mpita njia," anasema.
"Mahakama imeshaamua."

Mpita njia.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Baba yangu Sainvil alipewa panga siku ile ile aliyofika,
kabla hajapewa maji.
Alikata miwa ya kampuni miaka thelathini na minane,
nayo ikamkata, vidole viwili, mkono wa kushoto,
vimezikwa huku huku nyuma ya mizani ya miwa.
Kanuni ya zamani ilimhesabia mpita njia siku kumi.
Hesabu mwenyewe, bwana karani, kikokotoo kipo mezani:
ni safari gani hii isiyofika?
Ni njia gani ambayo mtu huoa juu yake,
huzaa, huzika, hupanda mihogo, hudaiwa dukani?

Nami sikuja kuomba.
Katiba iliyokuwepo nilipotoka tumboni
ilisema aliyezaliwa hapa ni wa hapa.
Haikusema: akiwa mweupe kidogo.
Haikusema: mpaka tutakapobadili mawazo.
Neno lile lilikuwepo chumbani kabla ya mkunga,
lilinipokea kabla ya taulo.
Mkitaka kuligeuza kwa watakaozaliwa kesho
nitapinga hata hilo, lakini mimi
mnanitoaje jana?
Mnaingiaje mwaka wa tisini na moja na viatu?

Babu yako, bwana Haché, alishuka melini
na majora ya kitambaa begani,
hajui Kihispania hata cha kuuzia.
Leo duka lina jina lenu kwa taa za rangi.
Sikuonei kijicho. Hakuna aliyemwita mpita njia.
Na ni vizuri. Wala asiitwe yeyote.

Ananyamaza. Anagonga kalamu.
Kwa kitambo namwona si karani, mtu tu,
ana jasho juu ya mdomo.
Kisha: "Mimi natekeleza tu."
Anafunga kitabu polepole,
kama anayeogopa kunibana vidole.

Kitovu cha binti yangu kilidondoka Jumatatu.
Nilikizika mwenyewe nyuma ya nyumba, chini ya mpera,
kando ya pale mama alipozika changu.
Udongo haukuuliza karatasi, nyeupe wala ya waridi.
Lakini sitaki udongo peke yake;
udongo humpokea hata maiti.
Nataka ukurasa. Nataka wino.
Nataka siku moja Yamilet akiulizwa kwao wapi
asitoe hoja, asitoe ushahidi,
ajibu huku anatafuna: hapa.

Mlinzi anasema ofisi inafungwa.
Nauliza, Alhamisi mnafungua saa ngapi?
Saa mbili.
Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa mlangoni,
mtoto kifuani, karatasi kwapani.
Safari hii nataka namba moja.